Nyumba ndogo Kwembe: shajara ya ukaguzi kabla ya kununua

3 Machi 2025. Tunachotafuta

Jana usiku mimi na mume wangu tumefunga mjadala: hatujengi, tunanunua, na tunanunua nyumba ndogo. Tumepanga Tabata kwa miaka mingi, na kila tunapolipa kodi ya miezi sita tunaulizana swali lile lile. Ndugu wanatushauri tuchukue kiwanja tujenge taratibu, kama wanavyofanya wengi hapa Dar es Salaam. Nimewaona wanaojenga taratibu. Msingi mwaka huu, kuta mwaka wa tatu, bati siku kiinua mgongo kikitoka, halafu familia inahamia kwenye pagale la vyumba vitano lisilo na dari wala sakafu, na watoto wanamaliza shule kabla marumaru hazijafika. Sisi tuna watoto wawili wa shule ya msingi na mama mkwe mwenye maumivu ya magoti. Vyumba vitatu vya wastani, sebule, jiko la ndani, na choo ambacho mama atakifikia usiku bila kutoka nje: vinatutosha.

Fedha yote ni shilingi milioni 85, akiba yetu ikijumlishwa na mkopo wa mshahara wangu. Humo humo itoke bei ya nyumba, gharama za uhamisho, matengenezo, na kiasi kibaki cha dharura.

Vigezo nimeviandika kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio msimamo wangu: kwanza ardhi na karatasi zake, pili maji, yale ya mvua na yale ya bombani, tatu njia, nne majirani, na mwisho kabisa nyumba. Ukuta unabomolewa ukajengwa upya. Dari inabadilishwa. Lakini hakuna fundi anayeweza kuhamisha korongo, wala kufuta jina la mtu mwingine kwenye hati.

9 Machi. Maeneo

Kazi yangu ipo hospitali ya Mloganzila, mara nyingi zamu ya usiku. Mume wangu yuko Kariakoo. Tumechora maeneo matatu: Goba, Kinyerezi, na ukanda wa Kibamba na Kwembe. Goba imeondoka mapema. Viwanja vyenye hati huko vimepanda bei kupita uwezo wetu, na vile vya bei yetu vipo kwenye miteremko inayomomonyoka. Kinyerezi ina barabara ya lami inayotokea Mbezi kupitia Malamba Mawili, kwa hiyo naweza kufika kazini bila kupita mjini. Kibamba na Kwembe ni karibu kabisa na kazi yangu, na tangu barabara ya Morogoro ipanuliwe kati ya Kimara na Kibaha, zile kilometa 19.2, asubuhi za watu wa huku zimebadilika sana.

Dalali tumempata kupitia mfanyakazi mwenzangu. Tumeelewana naye hela ya kuonyeshwa na kamisheni kabla ya kupanda bodaboda. Nashauri kila mtu afanye hivyo, tena mbele ya shahidi.

15 Machi. Kinyerezi, tumeikataa

Nyumba nzuri kwa macho: vyumba vitatu, kimoja masta, bati la rangi, madirisha ya alumini, rangi mpya ndani na nje. Rangi mpya ndiyo iliyonishtua. Nikainama kwenye kona ya chumba cha watoto, nikakuta chini ya rangi ukuta umeanza kutoa chumvi, unga mweupe unaopukutika ukiupitishia kidole. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi.

Nyuma ya uzio kuna korongo. Kiangazi kama sasa ni kavu, watoto wanacheza mpira ndani yake, na dalali akasema ni "mfereji wa zamani tu". Lakini ukingo wa upande wa pili umeliwa hadi mizizi ya mwembe inaning'inia hewani. Maji ndiyo yaliyofanya hivyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na korongo hili linamwaga kwenye mkondo unaoelekea mto Msimbazi. Tulipopima kwa hatua kutoka ukingoni hadi ukuta wa jikoni hatukukaribia hata nusu ya umbali huo.

Mimi nilikuwa Dar Desemba 2011. Nayakumbuka mafuriko yale, na familia za Jangwani zilizopelekwa Mabwepande mwanzoni mwa 2012. Sitanunua nyumba ambayo kila Aprili nitalala na redio masikioni.

22 Machi. Kibamba, mbili kwa mkupuo

Ya kwanza ipo karibu mno na barabara ya Morogoro. Dalali anaisifu kwa ukaribu huo huo. Hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kwa sababu hiyo, zikiwemo za watu walioishi pale miongo. Hatukuingia hata ndani.

Ya pili ilinigusa moyo. Nyumba ya marehemu mzee mmoja, imara, ina miembe miwili, na watoto wake wanaiuza kwa bei ya chini kuliko soko. Wakatuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za watu wengi. Nikaomba barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, ile Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo. Hawana. Wakasema watafungua shauri baada ya kupata malipo ya awali kutoka kwetu, kwa kuwa hawana nauli za kuhangaika mahakamani. Nawaamini ni watu wema. Lakini kikao cha ukoo hakihamishi nyumba, na mrithi mmoja aliye mbali akirudi akisema hakushirikishwa, sisi ndio tutakaosimama kizimbani na risiti mkononi. Tumewaambia wakishateua msimamizi watupigie. Mume wangu amesikitika zaidi yangu, alikuwa ameshawagawia watoto ile miembe.

29 Machi. Kwembe, mara ya kwanza

Leo nimerudi nyumbani nikiwa na hamu ya kuandika, jambo ambalo halijatokea tangu tuanze.

Nyumba ipo juu kidogo ya mteremko, upande wa pili wa barabara inayokwenda Mloganzila. Kiwanja mita za mraba 480, kimepimwa. Vyumba vitatu: kimoja masta, viwili vidogo. Kila chumba kidogo kinaingia kitanda cha futi nne kwa sita, kabati na meza ya kusomea, na hapo kimejaa. Sebule inapakana na jiko bila chumba cha kulia, hivyo meza ya chakula itakaa kwenye kona. Choo cha familia kipo katikati ya korido, hatua chache kutoka mlango wa chumba ambacho kingekuwa cha mama. Hakuna ngazi, ni kizingiti kimoja tu cha mlango wa mbele.

Bati halina rangi ya kupendeza, limepauka. Uzio ni wa michongoma pande mbili, tofali upande mmoja, na nyuma ni ukuta wa jirani. Kuta za ndani zina alama za mikono ya watoto. Hakuna aliyepaka rangi ili kutuficha kitu, na hilo kwangu ni sifa.

Vyumba vya kulala vinaangalia kusini-mashariki. Upepo wa kusi ukianza, kuanzia Aprili kuelekea Oktoba, vitapata hewa bila feni. Kaskazi ikivuma itakuwa joto, maana upande ule kuna jiko tu na dirisha lake ni dogo.

Muuzaji ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Dodoma. Anataka milioni 72.

5 Aprili. Fundi

Tumekuja na fundi mwashi wetu, mtu ambaye hana uhusiano na dalali wala muuzaji. Siku moja ya fundi tumeilipia wenyewe na naiona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote hadi sasa.

Alianza nje. Alizunguka nyumba yote kimya, akigonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Penye mlio mtupu lipu imeachana na tofali. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, kuna kipande kikubwa cha hivyo. Ni gharama ndogo.

Kisha ufa. Kwenye kona ya dirisha la sebule kuna ufa wa mshazari unaopanda kuelekea juu, na wenzake wawili wembamba kama unywele kwenye lipu. Wale wembamba aliwapuuza. Ule wa mshazari aliukalia. Aliuliza kama nyumba ina lenta nzima, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, au kila dirisha lina kipande chake. Muuzaji hakujua. Fundi akapanda kwenye dari, akamulika, akachimbua lipu kidogo mahali pawili: mkanda unazunguka. Akashuka akachimba pembeni ya msingi hadi chini ya usawa wa ardhi. Mawe, si tofali. Udongo wa juu ni kichanga, chini una mfinyanzi. Akanieleza kwamba mfinyanzi unavimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hupumua nao. Kwa hiyo swali la maana ni kama ufa umeshatulia au bado unafunguka. Akaweka alama mbili za penseli kila upande wa ufa, akapima kati yake kwa rula, akaandika tarehe ukutani. Milimita 3. Tutapima tena mvua zikishakolea.

Juu ya dari: kenchi zimenyooka, mbao zina ile rangi ya kijani ya dawa, hakuna vumbi la mchwa. Bati ni la geji 30, jembamba. Misumari kadhaa imelika mipira yake, na ndiyo maana kuna duara mbili za kahawia kwenye jipsamu ya korido. Popo hakuna. Umeme: waya zimepita kwenye mabomba, lakini waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatika nje ya nyumba, na mahali unapotakiwa kuingia ardhini pamebaki shimo tu. Nyumba yenye watoto na hita ya maji bila ethi, hilo ni la kurekebishwa kabla hatujalala humo hata siku moja.

Tukafungua mabomba yote kwa wakati mmoja, tukavuta choo mara mbili, tukasikiliza. Maji taka yanaondoka bila kugugumia. Karo la maji taka lina mfuniko wa zege, na shimo la kunywea maji lipo upande wa chini wa kiwanja, mbali na nyumba. Gari la kunyonya likija litafika? Fundi akapima njia ya pembeni kwa hatua. Linafika. Nimejifunza kuuliza hilo kila mahali, kwa sababu njia inayopitisha gari la kunyonya inapitisha pia boza la maji na gari la wagonjwa.

13 Aprili. Mvua

Usiku wa kuamkia leo mvua kubwa imenyesha, na asubuhi nikitoka zamu nimepitia Kwembe moja kwa moja nikiwa na viatu vya mvua. Siku kama hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Muuzaji hakuwepo, nami sikuhitaji funguo.

Barabara kuu ya lami safi. Kutoka kwenye lami kuingia mtaani ni udongo, karibu mita 600, na sehemu moja, pale njia inapokata kabonde, maji yalikuwa bado yanapita juu, kina cha kifundo cha mguu. Bodaboda walikuwa wanavuka, bajaji zimesimama. Mama mmoja anayeuza maandazi pale akaniambia maji hayo hukauka kabla ya mchana, na kwamba walishachangishana mtaani kununua makalvati, yale mabomba ya zege ya kupitishia maji chini ya njia, yanasubiri greda. Nimeyaona makalvati yenyewe, yamelala pembeni, majani yameota ndani. Kwa hiyo yamesubiri muda.

Kwenye nyumba yenyewe nilizunguka kwa nje. Maji ya bati yanaanguka moja kwa moja kwenye ukuta wa msingi kwa sababu hakuna gata za kukinga maji ukingoni mwa paa, wala mifereji chini, na yamechimba mstari kuizunguka nyumba nzima. Hapo nikaelewa ufa wa dirisha la sebule: kona ile ndiyo inayopokea maji ya pande mbili za paa. Udongo wa pale ulikuwa uji. Upande wa pili, palipo pakavu, hakuna ufa hata mmoja. Nilimpigia fundi nikiwa pale pale, akacheka kwa furaha, akasema basi dawa ni gata na mfereji wa zege, si kubomoa ukuta.

Kubwa zaidi: maji ya mteremko kutoka juu hayaingii kiwanjani. Yanagawanyika kwenye ukuta wa jirani wa nyuma na kushuka kwa njia ya pembeni. Niliyafuata hadi yanapoingia kwenye kabonde, umbali wa kutosha, na usawa wa kabonde upo chini sana ya sakafu ya nyumba.

19 Aprili. Usiku na alfajiri

Mume wangu amelala kwa rafiki yake anayeishi Kibamba ili ajaribu safari ya asubuhi kwa miguu yake mwenyewe. Saa 11 alfajiri alikuwa kituoni, daladala ikapatikana bila kugombania, na akafika Kariakoo kabla duka halijafunguliwa. Jioni ndipo penye kazi: foleni ya kutoka mjini inamchelewesha kuliko akitokea Tabata, na watoto watakuwa wameshakula atakapoingia. Tumelizungumza kwa uwazi. Yeye ndiye atakayebeba mzigo huo, si mimi, na amesema anaubeba. Nimelihesabu kama sehemu ya bei ya nyumba.

Mimi nimekwenda saa 3 usiku. Njia ya mtaani haina taa za barabarani, ila nyumba nyingi zina taa za nje na maduka mawili yanafunga karibu saa 4. Kuna baa, lakini ipo barabarani, na muziki wake haufiki. Umeme ulikuwa umepungua nguvu. Taa za sebule ya jirani zilikuwa zinafifia kila friji linapowaka, dalili kwamba transfoma inahudumia nyumba nyingi kuliko ilivyopangiwa. Nimeandika: kinga ya friji, lazima.

26 Aprili. Maji ya bombani

Maji nimeyaulizia kwa wanawake, si kwa dalali. Nimekaa kwenye benchi ya duka, nikanunua vocha, nikaanza na salamu. Jibu lilikuwa lile lile kutoka kwa kila mmoja: yanatoka, lakini si kila siku, na wanaoishi juu ya mteremko wanayapata usiku wa manane, presha ikishapanda.

Ukanda huu unalishwa na Ruvu Juu, mtambo wa Mlandizi wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Mwenzake, Ruvu Chini wa Bagamoyo, una uwezo wa milioni 270. Yote miwili inanyonya mto mmoja, ndiyo maana mwishoni mwa 2022 Ruvu uliposhuka jiji lilikaa kwenye mgao mkali. Bwawa la Kidunda linajengwa kuhifadhi maji ya mto huo kwa miezi ya ukame. Mimi nafanya hesabu kwa hali ilivyo leo: tangi la lita 5,000 chini, la lita 1,000 juu ya mnara, pampu ndogo, na mabomba ya gata yaelekezwe kwenye tangi la chini. Gata zile zile zinazouokoa msingi zitatupa maji ya kufulia masika yote.

Mzee mmoja ana kisima kirefu na anauza kwa ndoo. Nimeonja. Yana chumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo tu.

6 Mei. Mjumbe

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu kiti. Nimesikia mnaitaka ile nyumba ya mtumishi."

Mwenyekiti wa mtaa ni mpya, aliingia na uchaguzi wa 27 Novemba 2024, na yeye mwenyewe ndiye aliyenielekeza kwa mzee huyu, mjumbe: "Historia ya pale anayo yeye." Mzee anakaa hapa tangu kulipokuwa mikorosho. Anamfahamu aliyemuuzia muuzaji wetu, anajua mpaka wa nyuma ulivyokuwa na mti wa mnazi uliokatwa, anajua hakujawahi kuwa na kesi ya kiwanja. Akaniambia pia bila kuulizwa: ukuta wa jirani wa nyuma umesogea. "Waambie wapima waangalie jiwe la kona."

Nikamuuliza kuhusu wizi. Kulikuwa na msimu wa kuibiwa betri na mita za maji, wakaweka ulinzi shirikishi, kila nyumba inachangia kila mwezi. Kuhusu shule: watoto wa mtaa wanatembea, hawavuki barabara kuu. Akamaliza kwa kuniuliza kama mama mkwe anapenda kuku, kwa sababu mke wake anafuga na angependa kupata mwenzake wa kuzungumza naye. Nimempenda jirani kabla sijawa jirani.

14 Mei. Upekuzi na mawe

Wakili ametuombea upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu: hati ipo, jina ni la muuzaji, haina rehani wala zuio la mtu yeyote. Ni haki ya miaka 99 iliyoanza 2012, matumizi ya makazi. Ardhi yote nchini ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo tunachonunua ni miaka iliyobaki na masharti yake, na masharti nimeyasoma mstari kwa mstari. Kodi ya pango la ardhi muuzaji ana deni la miaka miwili, atalimaliza kabla ya uhamisho. Kodi ya majengo haina shida, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na risiti zake zinaonyesha makato.

Mpima tuliyemlipa amekuja na kifaa chake. Mawe matatu yapo. La nne limefunikwa na ukuta wa jirani, ambao umeingia kwetu sentimita 40 kwa urefu wote wa nyuma. Mzee alikuwa sahihi.

Usiku tulikaa na hilo. Kuvunja ukuta wa mtu kabla hujahamia ni kuanza ujirani kwa jembe. Kunyamaza nako ni kuiacha ardhi iondoke. Jirani mwenyewe, tulipomfuata na muuzaji, hakubisha: alijenga bila kumwita mpima. Tumeandikishana ofisi ya mtaa kwamba mpaka halali ni wa mawe, na siku ukuta huo ukijengwa upya utarudi kwenye mstari. Wakili ameuambatanisha na mkataba. Mwenyekiti ametuandikia na kugonga muhuri bila kutaja ile asilimia 10 ya bei ambayo watu wamezoea kudaiwa mitaani. Namheshimu kwa hilo.

24 Mei. Mke wa muuzaji

Jambo hili nililisimamia kuliko yote. Nyumba ilijengwa wakiwa kwenye ndoa na waliishi humo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji alijitolea kuleta barua yenye sahihi ya mkewe kutoka Dodoma. Nikasema namwomba aje mwenyewe, na nauli ya treni tutachangia.

Amekuja na SGR, akasaini ridhaa mbele ya wakili, kisha akaomba aende nami kwenye ile nyumba mara moja. Akanionyesha yeye, si mume wake, valvu iliyofichwa nyuma ya choo, swichi inayowasha taa ya nje na ya korido pamoja, na kona ya jikoni ambako siafu huingilia. Akaniambia pia kile ambacho hakuna aliyekigundua: dirisha la chumba cha nyuma linaingiza mvua upepo ukitoka kusini, wao walikuwa wakiweka taulo. Nimemshukuru kama dada.

31 Mei. Ufa, na bei

Masika yanaisha. Fundi amepima alama zake za penseli: milimita 3, hazijasogea. Ameridhika.

Tumekaa mezani na orodha: gata na mfereji wa zege kuzunguka nyumba, ethi, misumari na kofia za paa, lipu ya magharibi, dirisha la nyuma, tangi na mnara. Fundi amekadiria kama milioni 10. Hatukumwambia muuzaji nyumba yake ni mbaya, si mbaya. Tulimwonyesha orodha, ukuta wa nyuma, na kwamba fedha yetu ipo tayari bila kusubiri mtu. Tumefika milioni 66.

Hesabu: 66 bei, 3 za ushuru wa stempu wa asilimia 1, mthamini, wakili na ada za uhamisho, 10 za matengenezo, 6 zinabaki benki haziguswi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, na imeandikwa hivyo kwenye mkataba. Tungechukua nyumba ya vyumba vitano kwa milioni 82, hiyo 10 na hiyo 6 zisingekuwepo, na gata zingesubiri mwaka mwingine huku msingi unalowa. Kwangu udogo wa nyumba hii ndio uliolipia ubora wake.

7 Juni. Hali ilivyo

Mkataba umesainiwa leo mbele ya wakili, wanandoa wote wanne wakiwepo. Asilimia 60 imeingia kwenye akaunti ya muuzaji, 40 itaingia siku hati itakapotoka kwa jina letu sote wawili, langu na la mume wangu. Fomu za uhamisho na ripoti ya mthamini zinawasilishwa wiki ijayo. Muuzaji amekubali kwa maandishi kwamba matengenezo ya nje yaanze sasa, tukisubiri ofisi ya ardhi.

Fundi anaanza Jumatatu na mfereji wa kona ya dirisha la sebule. Saruji mifuko 20 imeshalipiwa, mchanga unashushwa kesho asubuhi. Mama mkwe ameomba kizingiti cha mlango wa mbele kigeuzwe mteremko mdogo wenye mkono wa kushika, nimekiongeza kwenye orodha kabla ya rangi. Na mtaani wamepanga kikao cha makalvati mwisho wa mwezi. Mume wangu atahudhuria, mchango wetu tumeshautenga.